Chupa Tatu za Kumzikia Earline

Mwaka ulikuwa 2014. La, 2015, maana 2014 Earline alikuwa bado mzima, akimtumia kaka yake jamu ya pichi kwa posta kutoka Orangeburg, South Carolina.

Kaka mwenyewe, Alphonso Gadsden, alikuwa fundi rangi huko Baltimore, mtu mweusi wa miaka hamsini na minane. Unga ulimla miaka ishirini, kisha akauacha kwa dawa ya methadoni. Miaka minne mfululizo, mvua au barafu, kabla ya kwenda kazini alipanga foleni kliniki, akanywa kikombe chake mbele ya nesi, akafungua mdomo akaguliwe kama punda wa mnadani. Hakukosa hata siku moja.

Earline alipofariki, Alphonso aliomba chupa tatu za dawa za kusafiri nazo, moja kwa kila siku. Bila dawa, siku ya pili arosto ingemlaza sakafuni, na mwenye arosto habebi jeneza. Pengine angeutafuta unga tena.

Mshauri wake, Kristen, binti wa Kizungu mpole, akauliza dada amekufa lini. Siku tisa zilizopita. Na mazishi? Jumamosi. Kristen akaweka kalamu chini. Kwao Wazungu mtu huzikwa siku ya tatu au ya nne, basi. Akamwambia kwa upole kwamba maelezo hayo hayakai sawa, na kwamba wengi huomba chupa wakaziuze.

Alphonso hakubishana. Alitoka akakaa kwenye ngazi, na hapo ndipo Verdell Mosby alipomkuta. Verdell naye alikuwa teja zamani. Sasa kliniki imemwajiri kuwashika mkono wenzake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Inuka, kaka'angu," akasema. "Ngazi haitoi dawa."

Wakaingia pamoja. Verdell akaomba namba ya mzee aliyekuwa akihifadhi maiti kule Orangeburg, akapiga, akailaza simu mezani, sauti juu.

"Binti," mzee akasema alipoelezwa shida, "sisi watu weusi hatuziki mpaka ndugu waliohamia Detroit wafike. Na wa Detroit hawajapata kuwahi."

"Siku zote hizo?" Kristen akauliza.

"Mama yangu alisubiri kumi na mbili. Hakulalamika."

Kristen akaiva uso, akacheka kidogo, akasaini. Verdell naye akatakiwa kusaini chini yake, kumdhamini. Alphonso akapewa chupa tatu ndani ya kisanduku cha kufuli. Akapanda basi, akabeba jeneza upande wa kichwani, akala kuku na pai ya viazi vitamu kanisani, na Jumatatu akarudisha chupa zote, tupu.

Asubuhi hiyo kwenye foleni alisimama nyuma ya Todd, Mzungu wa makamo aliyekuwa na miezi mitano tu pale. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa pole ya msiba, kisha akasimulia alivyokwenda kuvua ziwani na chupa saba. Aliombaje? Alisema tu, akapewa.

Alphonso akanywa kikombe chake, akafungua mdomo, akaufunga. Akaenda kugonga mlango wa Kristen. Verdell alikuwa ndani na kahawa yake. Alphonso hakuwa na hasira. Alikuwa na swali moja.

"Binti, Todd alipokwenda kuvua, mlimpigia nani? Samaki?"