Siri ya Mama Ipo Ukurasa wa Thelathini na Moja

*Aliyetuandikia ameomba tusimtaje. Tumeitoa barua yake kama ilivyo.*

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini, mkazi wa Tabora. Nimemaliza sekondari na nina miezi mitano tu katika ndoa. Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili. Mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli yake nje, nasahau chungu motoni. Nampenda mno, na ndiyo maana jambo hili limenichoma.

Shuleni tulitahiniwa utenzi mrefu wa zamani, wa vita, na maneno yake ya kale yalinishinda. Mama yangu hakwenda shule wala hajui kusoma, lakini utenzi ule anaujua wote kwa moyo. Akanieleza ubeti kwa ubeti tukimenya karanga, nami nikaandika katika daftari. Tulipofika pale shujaa anapokwenda vitani, naye mkewe akabaki nyumbani kumngoja miaka saba, mama aliacha kumenya.

"Usidhani kungoja ni kazi nyepesi," akasema. "Baba yako alipokwenda Ujiji akakawia, nilifunga nguo zangu nikaondoka nimwache. Nikafika Isikizya, nikakaa chini, nikarudi. Hajui mpaka leo. Haya ni yako peke yako, mwanangu."

Kwa utoto wangu nikayaandika nayo, maana hapo ndipo nilipouelewa ule ubeti. Nikafaulu.

Tulipochumbiana nilimpa mwenzangu lile daftari. Sikuwa na zawadi nyingine yenye moyo wangu wote. Nikamwonyesha na ukurasa ule, nikamwambia ni siri ya mama. Alinishika mkono akasema, "Mama yako ni mama yangu." Nilirudi nyumbani sioni njia kwa furaha.

Mwezi uliopita akaniletea kitabu kipya, mwongozo wa utenzi ule kwa watahiniwa, jina lake juu. Ndani ameandika: "Kwa mke wangu, nuru ya nyumba." Nililia. Kisha nikaanza kusoma, nikakuta ni daftari langu lile lile. Hilo ningemsamehe, ni mume wangu. Lakini ukurasa wa thelathini na moja ulisema: "Mfano: mke wa fundi vitanda wa Gongoni, mumewe alipokwenda Ujiji," na yote yaliyofuata, mpaka alipokaa chini.

"Sikutaja jina," akaniambia.

"Fundi vitanda aliyekwenda Ujiji, Gongoni wako wangapi?"

"Mke wangu, watahini wanapenda mfano wa maisha. Bila huo, majibu ya wanafunzi yanafanana."

"Nilikwambia ni siri, mwalimu."

"Ni mambo ya zamani hayo. Na mama mwenyewe hasomi."

Usiku na mchana namsikia akisema hivyo. Katika barua hii nimebadili kazi ya baba na majina ya mahali, na kufanya hivyo hakukunichukua hata dakika moja. Yeye hakubadili kitu.

Wala hakuishia hapo. Kwa heshima ya wakwe, alipeleka nakala nyumbani kwetu. Baba, ambaye macho yake yamefifia, amefurahi kupita kiasi. Kila alasiri anamwita mdogo wangu wa kike amsomee ukurasa mmoja, na majirani wanakuja kusikiliza. "Mkwe wangu ameandika kitabu," anawaambia. "Kaeni, kaeni." Jana nilikuwepo. Wamefika ukurasa wa tisa.

Mama huketi pembeni na karanga zake. Anayatambua maelezo yake yote. Jana kila mdogo wangu alipotua, mama alinitazama akatabasamu, kama tuna jambo letu wawili ambalo wengine hawalijui.

Nimwambie mama kabla hawajafika ukurasa ule? Au nimwendee baba? Na huyu mume ninayempenda, nitamweleza tena siri gani maishani mwangu? Nishaurini upesi, wenzangu. Wanasoma ukurasa mmoja kwa siku.