Wimbo wa Mapenzi Ulioliza Ijumbi

Kezia Mushumbusi akikuambia kwamba muziki wake ni mzuri, usidhani anajisifu. Anakupa taarifa tu, kama mtu anayekuambia mvua imeanza. Mwaka wa tisa huu anatunga muziki wa tamthilia ya Mlango wa Uani, inayorushwa Jumatatu hadi Jumatano saa kumi na mbili jioni, na miaka yote hiyo hajahama Rwamishenye. Waigizaji wako Dar es Salaam, wapiga picha wako Dar es Salaam, na televisheni yenyewe iko huko huko. Machozi ya watazamaji yanatengenezwa hapa Bukoba, kwenye chumba kilichopakana na duka langu la vifaa vya ujenzi.

Mimi naitwa Rugambwa. Nimekua naye Ijumbi, kule Muleba, na tulianza kupuliza matarumbeta kwenye kikundi cha usharika wetu wa Kilutheri tukiwa darasa la nne. Mpaka leo akihitaji tarumbeta ananigongea ukuta. Nafunga duka, naenda, na wateja wa misumari wanasubiri.

Kazi yake watu hawaielewi, na mimi mwenyewe ilinichukua muda. Anatumiwa vipande kwa intaneti, anavitazama kwanza akiwa amezima sauti, macho kwenye vifua vya waigizaji. "Mtu akitaka kudanganya anapumua juu juu," huniambia. "Muziki uingie hapo, kabla hajafungua mdomo." Mama mkwe mwenye wivu amempa nyuzi mbili za nanga, ala yetu ya nyuzi ya Kihaya, basi, ukizisikia hizo ujue kuna mtu atakula kitu kibaya. Adui yake mkubwa ni mvua ya Bukoba. Bati likianza kupigwa hakuna kurekodi, ndiyo maana mimi hurekodiwa ndani ya kabati, nimezungukwa na magauni yake ya kanisani.

Alianza kwa kupiga kinanda kwenye harusi na sherehe za kuwaaga mabinti, na matangazo ya sabuni redioni. Siku moja ukumbini, bibi harusi alikuwa akiagana na mama yake. Kezia aliuacha wimbo uliopangwa, akapiga noti nne tu, polepole. Ukumbi mzima ulilia, hata waliokuwa wakigawa soda. Miongoni mwa wageni alikuwepo Ashura, mtayarishaji wa tamthilia, aliyekuja kumwoza ndugu yake.

"Umejuaje kama ni hapo?" Ashura alimuuliza.

"Nilimwona mama anameza mate," Kezia akajibu. Wiki mbili baadaye alikuwa na kazi.

Mwaka huu Ashura aliomba wimbo wa wapenzi wawili wapya, muuguzi na fundi cherehani, wa kupigwa kila wanapokutana. Nyimbo za namna hiyo huwa zinamchukua Kezia wiki nzima, na wiki hiyo haongeleki. Huu aliumaliza kabla chai haijapoa. Akanigongea ukuta akicheka peke yake. "Rugambwa, njoo usikie. Huu umekuja wenyewe!"

Ningekuwa na akili ningemuuliza umekuja kutoka wapi. Badala yake nikaingia kabatini, nikapuliza sauti ya pili mara moja tu, bila kukosea, bila hata kumaliza kusoma karatasi. Nikajiona mimi ni bingwa. Nilirudi dukani nikamsimulia mteja aliyekuja kununua bawaba, maskini, ambaye hakuwa ameuliza chochote.

Wimbo ulirushwa Jumatatu. Jumatano jioni Kezia akapigiwa simu na Clotilda, binamu yake wa Ijumbi. Nilikuwepo, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Kezia, waitu, huyo muuguzi mnamzika lini?"

"Nani kafa?"

"Si yule muuguzi! Tangu Jumatatu tunamlilia. Kila akikumbatiwa na yule fundi, wito unapigwa. Juzi mama mkwe wangu alitoka nje na kitenge chake kiunoni, kauliza majirani msiba uko kwa nani."

Hapa lazima nieleze. Kwetu Ijumbi mtu akifariki, kikundi cha matarumbeta husimama nje ya kanisa na kupuliza wimbo mmoja usio na maneno, polepole sana. Tunauita wito, na aliyeutunga ni baba yake Kezia, mwalimu wetu wa matarumbeta. Walio mashambani huacha jembe wakasimama kimya mpaka uishe, ndipo wanaulizana ni nani. Mimi na Kezia tumeupuliza mara zisizo na idadi.

Kezia alikata simu, akaenda kwenye kinanda, akaupiga wimbo wake wa mapenzi kwa mwendo wa kinyonga. Nilikaa juu ya mfuko wa simenti wa dukani kwangu niliouhifadhi pale. Ulikuwa ni wito, noti kwa noti, na ile sauti ya pili niliyojisifu kuishika haraka ilikuwa ile ile niliyoipuliza misibani tangu utotoni. Watu wawili wenye masikio ya kulipwa, hakuna aliyegundua! Nilitaka kucheka, lakini nilimwona Kezia amefunga kinanda na kuweka mikono juu yake.

Wengi wangenyamaza. Nani Dar es Salaam angejua? Mimi nilimshauri hivyo hivyo, abadilishe noti tatu maisha yaendelee. Akaniangalia kana kwamba nimemtemea mate. "Mficha uchi hazai," akasema, akampigia Ashura. "Wimbo wa wapenzi si wangu. Nimeuchukua bila kujua. Aliyeutunga ni baba yangu."

Ashura si mtu mbaya, ila ni mtu wa kazi. Akasema, "Tumesharekodi sehemu arobaini juu ya wimbo huo. Niletee ridhaa ya mzee kwa maandishi kabla ya kesho kutwa saa sita mchana. Usipoipata nauondoa, na muziki wote uliobaki nitampa mtu wa hapa. Kezia, sitaweza kukuamini tena na nyimbo zinazokuja zenyewe."

Usiku ule sikuusikia muziki upande wa pili wa ukuta. Miaka tisa ya kazi ilikuwa mikononi mwa Mzee Gozbert Mushumbusi, na mzee huyo hana televisheni na wala haitaki. Tamthilia anaziita kilio cha kukodi. Ndiye aliyetufundisha do-re-mi kwa kifimbo cha mti wa kahawa, na ukikosea noti hakikugonga meza, kiligonga goti. Nilimwogopa kwa niaba ya Kezia.

Alhamisi asubuhi tuliondoka kwa pikipiki yangu kwenda Ijumbi. Tulipofika Kezia alimkuta baba yake barazani, akapiga goti, akamwamkia. Mzee akatupa kahawa za kutafuna kama ilivyo desturi, akasubiri tutafune. Ana miaka sabini na minane na hana haraka na mtu.

"Tata, nimeiba," Kezia akasema.

"Nimesikia. Clotilda alikuja hapa kunipa pole, sijui pole ya nini. Upige niusikie."

Kezia akaweka simu juu ya kigoda. Wimbo ukaenda, nanga mbele, tarumbeta langu nyuma, mwepesi, wenye furaha. Mzee alitazama chini. Ulipoisha akasema, "Tena." Ulipoisha tena akasema, "Tena." Nilijua anahesabu makosa, na magoti yangu yakaanza kukumbuka kile kifimbo.

"Nani alikufundisha kuupiga haraka hivi?"

"Hakuna, Tata. Ulikuja hivyo."

"Ulikuja hivyo," Mzee akarudia. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na tarumbeta lake. Alilifuta mdomo kwa shati lake, akapuliza. Upesi, ule ule mwendo wa Kezia, ila mwishoni aliongeza mzunguko mmoja mdogo wa noti ambao hatukuwa nao. Katikati pumzi ilimwishia, akasimama, akaanza upya. Alipomaliza alikuwa anatweta, na sikumbuki kumwona mzee yule akitabasamu vile tangu nimfahamu.

"Ndivyo ulivyokuwa," akasema. "Nilimtungia mama yako Elina, kabla sijamwoa. Kwao ni Kimwani. Nilikuwa nakwenda kwa baiskeli, nasimama ng'ambo ya barabara, napuliza. Yeye anajua ni mimi, baba yake anadhani ni wimbo wa kanisani."

Kezia alikuwa na miaka sita mama yake alipofariki. Pale chini alipokuwa amekaa, akasogea karibu na baba yake.

"Siku ya kumzika nilisema nitampulizia wimbo wake, vile vile alivyoupenda. Pumzi ikakataa. Napuliza noti moja, napumua. Noti nyingine, napumua. Wenzangu kwenye kikundi wakadhani ndio mwendo, wakanifuata. Wiki iliyofuata akafariki mtu mwingine, wakauanza wenyewe, hivyo hivyo polepole. Sikuwa na nguvu za kuwaambia wamekosea. Nikaacha. Ninyi mlipoanza kupuliza mlikuta ni wito."

"Lakini mimi sijawahi kuusikia ukipigwa haraka, Tata."

"Umeusikia. Alikuwa anauimba jikoni, wewe uko mgongoni. Alikuwa anakuogesha nao. Huo hukuuchukua kwangu, mwana wange. Uliuchukua kwake."

Kezia alilia. Mwanamke ambaye kazi yake ni kuwaliza wengine, na ambaye ningeapa hana machozi ya kwake, alilia kwa sauti, paji la uso kwenye goti la baba yake. Mimi nilijifanya naangalia migomba. Migomba nayo siku hiyo ilionekana kwa ukungu, nisiseme uongo.

Mzee alisaini karatasi bila miwani, kwa herufi kubwa. Alitoa masharti mawili: ule mzunguko wa mwishoni urudishwe, na jina la Elina liandikwe kabla ya lake. Kezia akaipiga picha karatasi, akaituma Dar es Salaam, na hapo hapo akaandika kwamba anahitaji siku mbili kurekodi upya, kwa kuwa wimbo ulikuwa haujakamilika. Hakuomba. Aliarifu, na hapo nikajua amerudi. Ashura alijibu kabla hatujamaliza ndizi za mchana: masharti yote yamekubaliwa, na anauliza kama mzee angependa kupuliza mwenyewe.

Mzee alijibu kwamba kabatini haingii. Tungerekodi pale pale barazani, kuku wakisikika wasikike.

Mimi kitu kimoja kilikuwa kinanitafuna, kwa sababu bado ni mpulizaji wa usharika na misiba haitusubiri tamthilia iishe. Kila Jumatatu watu wangeusikia wimbo huu ukiwakumbatisha muuguzi na fundi cherehani. Ningesimamaje nao nje ya kanisa kwa uso mkavu?

"Mzee," nikamuuliza, "mtu akifariki sasa, tupulize nini?"

"Ule ule."

"Lakini ni wimbo wa mapenzi."

Akaanza kulifunga tarumbeta lake kwenye kitambaa, taratibu, kama mtu asiyeelewa nimeuliza nini.

"Kwani Rugambwa," akasema, "huyo mnayemzika si alikuwa anapendwa?"