Sauti Iliyokwenda kwa Televisheni

Fundi wa kompyuta wa Kashikishi, mji wa kando ya ziwa, hupangusa vidole kwenye shati kabla ya kugusa mashine ya mtu, hata vikiwa safi. Pierrette alimwona akifanya hivyo kwa wateja watatu kabla hajathubutu kumweleza shida yake: tangu laptopu yake iunganishwe na televisheni ya kanisani imekuwa bubu, na humo ndimo alimohifadhi sauti ya marehemu mama yake, rekodi moja tu. Fundi hakuuliza mengi. Alifungua mipangilio ya sauti ya Linux, mfumo unaoendesha laptopu hiyo, huku akiimba chinichini, vile mtu anavyombembeleza mtoto.

"Mama Pierrette, sauti haikupotea. Iko inaenda ku televizyo yenye haiko hapa."

Akachagua spika za laptopu yenyewe, akazijaribu kwa wimbo kutoka kwenye flashi yake. Rekodi ya Pierrette hakuigusa. Kisha akamsogezea mashine, akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Pierrette akaibonyeza rekodi. Mama yake alikohoa kidogo, kama alivyozoea kabla ya kusema. Nje, wachuuzi wa samaki walikuwa wakigombania bei, na fundi akawasihi kwa sauti ya chini:

"Munyamaze kidogo. Mama yake iko anasema."