Povu Chini ya Kifuniko

Baba alipofariki alituachia pikapu kuukuu. Aliinunua ikiwa mbovu, akaitengeneza mwenyewe, kidogo kidogo, nyuma ya nyumba yetu karibu na Oyugis. Baba mdogo alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Mama hakutaka hata kusikia. Mwishowe wakakubaliana kwamba mimi, niliyekuwa fundi Migori, nije niipime injini. Ikiwa nzima ibaki, ikiwa imekufa ichukuliwe.

Nilifika nikijiona bingwa. Nikainua boneti, nikafungua kifuniko cha oili. Chini yake palijaa povu jeupe, zito kama uji wa mtoto.

"Maji imeingia kwa oili," nikatangaza. "Gasketi imeenda. Hii injini imekufa, mama."

Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo sikuiamini.

Mama alikichukua kifuniko, akakigeuzageuza. "Nyathina, mtoto wangu, sufuria ikipata joto kidogo tu, kifuniko si inatoa jasho? Baba yenu aliendesha hii gari siku ya Sabato peke yake. Hapa mpaka kanisa."

Kanisa letu liko ng'ambo ya shamba la mahindi. Ukipiga chafya nyumbani, mhubiri anakusikia. Miaka minne injini ile haikuwahi kupata moto sawasawa, na mvuke wake uliishia kwenye kifuniko, ukachanganyika na oili kuwa povu. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, jambo ambalo fundi yeyote mwenye akili huanza nalo. Oili ilikuwa safi, haina maji. Redieta ilijaa maji hadi mdomoni. Niliona haya mpaka masikioni.

Nikafuta povu, nikamwambia mama twende Homa Bay tuipime barabarani. Akaenda kuvaa nguo ya kanisani. Pikapu ilipanda na kushuka vilima bila kukohoa. Tulipoliona ziwa nikaegesha, injini ikapoa kidogo, nikafungua tena kifuniko. Hapakuwa na povu hata chembe.

"Imepona?" akauliza.

"Haikuwa mgonjwa, mama."

Akageukia upande wa mji. Dada yake aliolewa huku Homa Bay, na kila mwaka baba alimwahidi mama kumleta, kisha akaahirisha, akisema gari litawaacha njiani.

"Kila Jumapili, Sabato ikiisha, alikuwa anafungua hicho kifuniko," mama akasema. "Anaona hilo povu, anafunga. Mimi nilimwambia hii maneno ya sufuria. Akacheka."

Nami ningecheka. Nilifunga boneti polepole, nikamuuliza nyumba ya dada yake iko upande gani.