Kutambaa Mbele ya Wageni

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kata huko Masieda pale mwalimu wetu wa historia alipoamua kwamba mahafali ya kidato cha nne yasiishie kwenye kwaya na ngonjera tu. Alitaka wazazi waone tunachojifunza. Akatuchagua wanafunzi wanne tuigize jinsi binadamu alivyobadilika tangu zama za kale: wa kwanza atembee kwa mikono na miguu, wa pili ainuke nusu, mgongo ukiwa umepinda, wa tatu ashike jiwe na rungu, wa mwisho apite wima na sare zake na kitabu kwapani.

Mimi nilipewa nafasi ya kwanza kwa sababu nilikuwa msichana mfupi kuliko wote darasani, na mwalimu alisema zamadamu wa mwanzo hawakuwa warefu. Nilifurahi. Mpaka siku ile sikuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote. Nyumbani sikusema nitaigiza nini. Nilimwambia mama tu kwamba asikose, na aje mapema apate kiti.

Alikuja mapema kweli. Baba alikuwa ameenda Nangwa kumsaidia mdogo wake kuvuna, kwa hiyo mama aliketi na wanawake wa kanisani, chini ya turubai, amevaa kitenge kipya ambacho hakikuwa kimefuliwa hata mara moja. Upepo ulikuwa mkali na baridi kama kawaida ya kwetu. Sisi tulikuwa nyuma ya darasa tukipakana masizi ya sufuria usoni. Nilikuwa nimevaa suruali ya michezo, na juu yake nimefungwa gunia.

Mwalimu akachukua maikrofoni, akaanza kueleza. Nikatoka nikitambaa kwenye nyasi. Wanafunzi walicheka, wageni wakacheka, na mimi nikanogewa. Nikajikuna ubavu, nikanusa nyasi. Nilikuwa nimefika karibu na meza ya mgeni rasmi nilipoona miguu ya mama mbele yangu.

Alivua shuka lake la mabegani, akanifunika nalo lote, kichwa na mgongo, kisha akanishika kwapani kwa mikono miwili, akaniinua kama mtu anayemwinua mtoto mdogo. Mwalimu alisogea, akamwomba kwa upole aketi, akamwambia ni igizo tu, linaisha sasa hivi.

Mama akamjibu, na maikrofoni ilikuwa bado imewashwa: “Mwalimu, huyu alishatambaa vya kutosha.”

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Niliona simu zimeinuliwa. Mama alinishika mkono tukapita katikati ya viti, mimi na masizi yangu, na sikumtazama mtu. Njia nzima alitangulia yeye. Nilimchukia kwa mwendo wake, kwa kitenge chake kipya, kwa sauti yake iliyosikika kwenye spika. Nilikuwa na hakika kwamba mama yangu amenivua nguo mbele ya watu.

Kesho yake tulikaa jikoni tukimenya vitunguu saumu vya kupanda. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Nilichelewa sana kutembea. Wenzangu niliozaliwa nao walikuwa tayari wanafukuzana na ndama, mimi bado natambaa uwanjani. Alichimba shimo kando ya jiko, akanisimamisha humo mpaka kiunoni, akanishindilia mchanga ili miguu ikaze, na yeye akawa analima karibu akisikia ninavyolia. Majirani walipita kumjulia hali.

“Walikuwa wanauliza, ‘Kimeamkaje?’” alisema. “Hakuna aliyeuliza, ‘Ameamkaje?’ Hata mmoja.”

Jana yake, nilipotoka nikitambaa, mwanamke aliyeketi nyuma yake, jirani yetu wa siku zote, alimwinamia mwenzake akasema, “Kumbe bado kinatambaa.” Hapo mama alisimama. Aliniambia hakukusudia kufika mbele. Alijikuta tu amefika.

Nilitaka kumwambia pole. Niliendelea kumenya, macho yakiniwasha, na sikujua ni vitunguu au ni mimi.

Jioni mwalimu alikuja. Alikuwa mgeni kwetu, binti wa Morogoro, bado kijana, na alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kubisha. Alimpa mama shikamoo, akaomba radhi, akasema hakujua habari za utoto wangu mpaka alipoambiwa na watu. Mama naye alikuwa ameinamisha kichwa, akimwomba mwalimu radhi kwa kuharibu sherehe ya watoto wa watu. Kila mmoja aliona haya mbele ya mwenzake, nami nilikuwa katikati yao nimeshika birika la chai.

Mwalimu akajaribu kueleza. Alisema katika somo lile wa kutambaa hachekwi, kwamba wale wa kale walichukua vizazi na vizazi mpaka kusimama, na wote tumetoka kwao, hata mgeni rasmi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na huyo wa kwanza, alikuwa na mama?”

“Alikuwa naye,” mwalimu akasema.

“Basi mngemweka na mama yake.”

Mwalimu alikunywa chai yake yote.

Video ilisambaa. Mpaka namaliza shule niliitwa Zamadamu, na hata waendesha bodaboda wa Mbulu mjini, ambao sikuwajua, waliniita hivyo. Nilizoea kuitika. Ilipofika zamu yangu ya mahafali, mama alisema hatakuja, ana vitunguu vya kung'oa. Wakati wa kung'oa ulikuwa bado. Nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua, na sikumbembeleza. Nilipoitwa mbele kupokea cheti nilitazama viti vya wazazi, nikaona hayupo, na moyo wangu ukatulia. Utulivu ule ndio unaonitesa hadi leo kuliko kicheko cha watu wote.

Niliporudi nyumbani alikuwa amepika wali na kuku. Aliniuliza nani na nani walikuja. Nikamtajia, mmoja mmoja, huku ananipakulia.