Siku Niliyombeba Mama Mkwe

Nakumbuka Sabato moja ya matope, mwanangu, na kila nikiikumbuka magoti huniuma na moyo hucheka. Wewe ulikuwepo, ingawa hukuona kitu. Ulikuwa tumboni mwa mama yako, karibu uje utunyime usingizi.

Nilikuwa kijana, mkwe mpya kutoka Nyamache, na tulikuwa tumekwenda kwa wazazi wa mama yako kule milimani Nyamira. Bibi yako, yule mliyemwita Magokoro, alikuwa mtu wa sala kwelikweli. Ijumaa kabla jua halijazama kuni zimeshapasuliwa, chakula kimeiva, na hakuna wa kumshawishi ashike jembe tena. Akiomba, alitutaja sote kwa majina mmoja mmoja, mpaka ng'ombe, na ole wako uwe na njaa siku hiyo, maana ukoo wenu si mdogo.

Kanisa lile la kilima cha pili lilianzia jikoni kwake. Walikuwa wanawake wachache na Biblia moja. Kisha wakaanza kupandisha mawe kutoka mtoni, kichwani, kila wakitoka kuchuma chai. Watu waliwacheka sana, hata mume wake alicheka. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Miaka ikapita, kuta zikasimama, bati zikapigwa. Wanawake wakakata shauri kwamba siku ya kufungua, atakayefungua mlango ni Magokoro na si mwingine.

Basi wiki ileile akateleza shambani kati ya michai, mguu ukavimba hata kiatu hakiingii. Wajomba zako wakakodi pikapu ya kumfuata asubuhi ya Sabato. Mvua ikanyesha usiku kucha. Jirani mmoja aliyepita akikimbilia kanisani ndiye aliyetuambia kwamba pikapu imekwama matopeni karibu na kituo cha kununulia chai, na wajomba zako wako huko wanaisukuma. Akaongeza kwamba mchungaji hawezi kungoja, kwani ana kanisa jingine linalomtazamia mchana. Magokoro asipofika, mlango utafunguliwa na mtu mwingine.

Nyumbani tulibaki sisi tu: yeye, babu yako na mkongojo wake, mama yako na tumbo lake, na mimi. Mgongo wangu ulizoea kubeba mikungu ya ndizi mpaka soko la Ogembo. Kila mtu aliuona mgongo huo, kisha akatazama kwingine.

Hapo lazima nikueleze, maana nyinyi wa siku hizi mnawakumbatia wakwe zenu hadharani na kupiga picha. Sisi Wakisii tuna ensoni, ile heshima yenye haya kati ya wakwe. Sikuwahi kumpa Magokoro mkono. Akitaka kuniambia chakula kiko tayari, alimwambia mama yako, mama yako akaniambia mimi, nami nimesimama palepale nimeshasikia yote. Kumgusa lilikuwa jambo lisilosemeka, sembuse kumbeba.

Kwa hiyo nilisimama kando ya migomba, macho chini, nikijiona kijana mwenye adabu. Mwacha mila ni mtumwa, nikajiambia. Magokoro alikuwa amekaa mlangoni na gauni lake la Sabato, kitambaa cheupe kichwani, Biblia ameifunga kwa karatasi ya nailoni isilowe. Alikitazama kilima cha pili. Nikaona machozi yanamtoka. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na nikazidi kuinamisha macho.

Akajipangusa uso, akafumba macho, midomo ikacheza kidogo. Kisha akaniita mwenyewe, bila kumpitia mama yako.

"Mwanangu, njoo hapa. Inama nipande mgongoni."

"Mama, na ensoni?"

"Ensoni ni heshima. Sasa niambie, ni heshima gani hiyo ya kuniacha mlangoni na Mungu wangu ananingoja kule? Inama."

Babu yako akakohoa, akatugeuzia mgongo, akaanza kukagua mahindi ghalani utadhani hajawahi kuona mahindi. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake. Nikainama.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini nakwambia wahenga hawakumbeba Magokoro. Tuliteremka kati ya michai, mimi natweta, yeye ananielekeza sikioni: shika kulia, hapo pana utelezi, kanyaga lile jiwe. Njia ile aliijua vizuri, alikuwa ameipanda na mawe miaka mingi. Kwenye daraja la magogo mto ulikuwa umejaa, miguu yangu ikakataa. Hakunihimiza. Aliomba tu, akanitaja kwa jina langu, nikavuka. Kwenye mpando nilianguka kwa magoti, na suruali ya arusi yangu ikaishia hapo. Sehemu iliyobaki niliipanda nikishika nyasi.

Watu waliokuwa nje ya kanisa wakageuka kututazama. Wazee wakatazamana, mmoja akasema mwiko umevunjwa na mbuzi wa kututakasa atahitajika. Wanawake wala hawakumsikiliza. Waliteremka mbio na vigelegele, wakataka kumpokea Magokoro. Akakataa kushuka. Akawaambia aliyeanza amalize. Kisha akamgeukia yule mzee, akamwambia mbuzi yupo zizini kwake, aje kumchukua na tumle sote, ila kesho, leo ni Sabato.

Mchungaji akampa ufunguo. Akaufungua mlango akiwa mgongoni mwangu. Kwa hiyo mguu wa kwanza kuingia katika kanisa lile ulikuwa mguu wa mkwe kutoka Nyamache, umejaa matope mpaka gotini. Waliimba, mwanangu. Wale waliocheka mawe waliimba kuliko wote, na mimi nililia bila kuona aibu.

Unajua kesho yake alifanya nini? Alimwambia mama yako aniambie uji uko tayari. Hakunitazama hata kidogo. Na ikawa hivyo miaka yote, mkono hakunipa mpaka alipotutoka. Nilichukua muda kuelewa kwamba hakuwa ameitupa heshima yetu. Aliitua kidogo ili apite, kisha akaiokota.

Tulipomzika juzi uliona gari limeegeshwa, na barabara nzuri mpaka mlangoni mwa kanisa. Wajomba zako wakasema ameacha neno: jeneza lipitishwe njia ya zamani, na mbele ashike yule wa Nyamache. Ukanitazama kwa hofu kwa sababu ya magoti yangu. Nilishika. Bonde zima liliimba, na sikumbuki kama nilisikia uzito wowote.

Basi sikia, mwanangu. Shika mila zako, usizichezee, lakini heshima si utumwa. Ukimwona mtu unayemheshimu amekwama mlangoni, usiinamishe macho ukaita hiyo ni adabu. Inamisha mgongo, wala usingoje kuambiwa mara mbili kama mimi. Na ukizeeka uwe na ujasiri wa kuomba ubebwe. Watu hunisifu mimi kwa siku ile, lakini kubeba kulikuwa rahisi. Kazi ngumu aliifanya yeye aliyesema inama.

Mungu aliyempandisha Magokoro kile kilima akupe mgongo wenye nguvu na njia isiyoteleza. Akupe wa kuwabeba ungali na nguvu, na siku yako ikifika, akupe wa kukubeba.