Siku Niliyomvua Mfaransa Kikoi

Nichekeni mmalize, maana najua wengine wenu mmekwisha kuiona ile video: ndiyo, yule mwanamke mfupi aliyesimama pale bustani ya Mama Ngina na kikoi mkononi, huku mwenye kikoi yuko chini na chupi nyekundu yenye picha ya jogoo, ni mimi, Kadzo wa Tudor, na aibu niliyoipata siku ile siifichi, ila msamaha siombi.

Mimi nafundisha wasichana raga, na Jumapili ile mama zao walikuja kutazama ili waamue kama watoto wataendelea au basi, kwa sababu Bi Zuhura wa Kuze, mama yake Munira (mchezaji wangu bora, akishika mpira humkamati), alikuwa amewajaza wenzake hofu kwamba mchezo huu unavunja shingo. Nikaona nilete shahidi. Kulikuwa na Mfaransa amefikia nyumba ya wageni Mji wa Kale, jitu lenye masikio yaliyofinyangika, alicheza raga ya kulipwa kwao miaka na miaka mpaka akaumia akaacha, naye akakubali kuja kuzungumza, na rafiki yangu Swaleh anayetembeza watalii akakubali kutafsiri. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu na heshima zangu.

Lakini wapi! Nikasema mgeni huyu lazima apate zawadi, asubuhi nikampelekea kikoi, Swaleh akamfundisha kukivaa kama wanaume wa hapa, unakunja kiunoni na kukunja tena, hakuna fundo wala mkanda. Mkunjo wa mtu aliyekulia Kuze unakaa kutwa. Wa Mfaransa (hili nilipaswa kulifikiria) ulikuwa wa kujifunza asubuhi ileile.

Basi akasimulia vizuri, alivyoanza timu ya mji mdogo, baba yake muoka mikate akifunga duka kila siku ya mechi, na alipomaliza tu Bi Zuhura akadakia: "Hayo ni maneno. Hebu mwangushe tuone, mwalimu, tujue hiyo shingo yakaa wapi."

Mwenye akili zake angeita wasichana wawili waonyeshe. Mimi nikampa Mfaransa mpira nikamwambia akimbie, akacheka, akakimbia, nikamvaa kiunoni kwa nguvu zangu zote, jitu likaenda chini puu, nami nikainuka mikono juu (watu wanapiga kelele, nikadhani nashangiliwa!) na hapo ndipo nikaona nilichokishika.

"Ya Rabi! Haya ndiyo muwafundishayo wana wetu?" Bi Zuhura kajifunika uso kwa mtandio, kamkamata Munira mkono, anaondoka, na mama wengine wanaokota mikoba yao. Niliona timu yangu inakwisha mbele ya wauza mihogo. Machozi yalikuwa karibu, lakini hasira zikatangulia, nikapaza sauti: "Bi Zuhura! Wewe uliuliza shingo! Ungoje ujibiwe shingo!"

Mfaransa alikuwa amenyanyuka, kikoi amejifunga kifuani kama anayetoka kuoga, uso mwekundu kuliko ile chupi, akasema maneno yake na Swaleh akayatoa kwa sauti: "Yuasema raga yake yeye iliisha siku alipomwangusha mtu, kichwa akakiweka mbele ya magoti ya huyo mtu, shingo ikaumia, akalala hospitali miezi. Yuasema mwalimu kichwa kakiweka nyuma, pahali pake. Kanivua nguo, yuasema, lakini hakuvunja shingo yake wala yangu."

Bi Zuhura akasimama. Mabega yakawa yanamtikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kimemshinda.

"Hicho kichwa mfunze Munira," akasema bila kugeuka. "Kuvua watu nguo, koma."

Nimekoma. Naapa mbele yenu sitamwangusha tena mtu aliyevaa kikoi. Wa suruali, nileteeni.